Bilioni Tatu za Utando

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya mkuu wa taaluma iko wazi. Tunaoitaka ni wawili: mimi, mwalimu wa biolojia, na shemeji yangu wa jiografia, mdogo wake mke wangu. Mkuu wa shule ataamua mkaguzi akishapita, Jumatano ya wiki ijayo. Nimeitamani nafasi hii miaka mingi. Ofisi yake ina pazia.

Nina mpango. Historia nzima ya uhai duniani, ukutani, korido yote! Kila kigae cha sakafu ni miaka milioni hamsini. Mkuu kapiga makofi. Kasema shemeji anisaidie kupima. Sawa, ashike futi.

Mwanzo utakuwa mlangoni kwa maabara yangu, jirani na lango kuu. Wageni wote huingilia pale. Shemeji yuko mwisho kabisa, kwenye ngazi za nyuma. Pole yake.

Jumanne, 4 Machi

Fundi rangi kaandika UHAI UNAANZIA HAPA juu ya mlango wangu. Herufi kubwa, rangi ya mafuta. Nimefurahi mpaka saa nane mchana, nilipokaa kupanga wanyama kwenye vigae.

Balaa! Vigae sabini na kitu, na vile sitini vya mwanzo havina mnyama hata mmoja wa kueleweka. Hakuna jicho. Hakuna mguu. Bakteria tu, na utando wa kijani juu ya mawe, mabilioni ya miaka. Kila chenye sura kimerundikana mwisho wa korido. Samaki wanapanda nchi kavu hatua chache kutoka kwa shemeji. Dinosaria wako kizingitini kwake!

Na haya mambo nayafundisha mwenyewe kila mwaka. Ila kitabuni utando ni ukurasa mmoja, unafunua unapita.

Nimemwomba fundi ageuze mwanzo uwe mwisho. Kaniuliza kama huwa nafikiri kabla ya kumwita au baada.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Kuna wakati viumbe karibu wote wa baharini walikufa, volkano zikitema moto bila kupumzika. Kwa vigae, msiba huo unaangukia karibu kabisa na mlango wa shemeji. Nimeupaka mweusi tii, lava ikitiririka kuelekea kwenye kitasa chake. Nani atataka kusimama hapo?

Wanafunzi wote. Mapumziko mazima hawakutoka. Shemeji kawaeleza lava ni nini, inatoka wapi, inaua vipi. Nilikuwa nimesahau kwamba volkano ni somo lake.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ilikuwa zamu ya binadamu. Nimejichora mimi, kwenye karatasi ya kubandika. Kimo kamili, kidevu juu, suti ya harusi.

Shemeji kaja na futi yake, na adabu zake. Kasema shemeji, samahani sana, picha ni nzuri, ila kwa kipimo chetu binadamu wote tangu tuanze ni unene wa kijiti cha kiberiti. Nikasema tusikabane koo kwa mambo madogo. Mkuu akasema kipimo ni kipimo.

Nimejikata kwa wembe. Kimebaki kipande cha sikio.

Mke wangu kaja kukiangalia. Kasema nimefananishwa vizuri, hata chenyewe hakionekani kama kinasikia.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mkubwa kuliko yote. Nimemwambia shemeji roho inaniuma kumwona kabanwa kule mwisho. Achukue maabara yangu wiki hii: kubwa, ina mabomba, iko karibu na chai. Mimi nitajibana kwake. Kaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Kisha akabeba tufe lake la dunia kwapani, akahama akinishukuru.

Sasa niko na dinosaria. Yeye ana utando.

Nyumbani mke wangu kauliza nataka nini kwa mdogo wake. Nikasema ni wema tu. Kacheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Mkaguzi kaja. Mama mfupi, miwani shingoni. Mimi niko mwisho wa korido tangu asubuhi, suti ya harusi, kiwiko begani kwa dinosaria.

Kasimama kwenye utando. Kavaa miwani. Kainama. Nikangoja. Kumbe ujana wake wote kausomea utando huo! Kauliza nani atamwambia kazi ya utando ilikuwa nini. Shemeji kasema yeye ni wa jiografia, ila siku mbili hizi kausoma ubao wa maelezo pale mlangoni: utando ndio uliotoa oksijeni, kidogo kidogo, mpaka hewa ya dunia ikabadilika, na bila huo hakuna pua ambayo ingevuta pumzi. Ubao huo niliuandika mimi! Kisha kamuuliza mama asichokielewa. Wakakaa sakafuni wote wawili, Mkuu kawainamia. Mama kasema hii ndiyo historia yenyewe, huko mbele ni nyongeza tu.

Nilikohoa. Nikakohoa tena. Mkuu akanionyesha kiganja, nisubiri. Kengele ikalia, mama akaingia kwenye gari, akaenda. Dinosaria hakuwaona. Mkono wangu umekufa ganzi hadi bega.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji ndiye mkuu wa taaluma. Mbele ya walimu wote kasema ubao niliuandika mimi, na sifa ni zangu. Walikuwa wameshaanza kumpigia makofi yeye.

Nimemwomba maabara yangu. Kakubali hapo hapo, kanisaidia kubeba viti. Nimeapa sitaachana na utando maisha yangu yote. Nimeelewa sasa: cha kwanza ndicho kinachoonekana.

Saa kumi Mkuu katangaza kwamba lango kuu linafungwa kwa ukarabati. Mwenyekiti wa bodi akija mwezi ujao ataingilia ngazi za nyuma. Yaani ataanza na sikio langu, kisha dinosaria, na kwenye utando hatafika!

Bahati viti sijavipanga. Nimemtumia ujumbe mkuu wa taaluma kwamba roho inaniuma kumwona kabanwa kule mwisho, tubadilishane. Kausoma, hajajibu.

Nadhani ananionea wivu.