Mchunga Ng'ombe wa Maktaba

Jumatatu, 5 Mei

Umwali, mpenzi wangu, kanipigia simu kutoka Buffalo. Baba yake, mzee Ruhimbika, anakuja kanisani kwetu hapa Louisville Jumamosi, kunitazama kama nafaa kumwoa bintiye. Kunitazama mimi! Mzee alichunga ng'ombe milimani Minembwe, kule Kongo, nusu ya maisha yake, nami nilishamwambia kwa simu kwamba kwetu pia ni wafugaji. Kwetu Bukavu tuliuza vitambaa. Ng'ombe namjua wa kwenye sahani.

Jumanne, 6 Mei

Nimeokoka! Maktaba ya Beechmont ina diski ya filamu bubu za zamani, kumi na mbili, fupifupi, za kuchekesha, zote za mchunga ng'ombe mmoja mwoga mwenye kofia pana. Mzee atajiona yupo kwao. Tutazionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, nami nitashika maikrofoni nifafanue kila kitu, kama yule jamaa aliyekuwa akisimulia filamu kwenye chumba cha video Bukavu. Pasta Liberati amekubali. Rugamba mpiga kinanda, anayemtaka Umwali pia, amejitolea kuendesha projekta. Lile tabasamu lake silipendi. Nimetazama dakika tatu za kwanza. Zinatosha.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu tupu. Mzee alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Filamu ya kwanza, vicheko. Ya pili, mchunga ng'ombe akamtupia ndama kamba shingoni, akambwaga, akamkalia, akamchoma paja kwa chuma cha moto. Bibi mmoja akafunika uso. Nikatangaza kwamba ndama ni mgonjwa, ile ni sindano. Rugamba akairudisha filamu nyuma, tukaiona sindano mara tatu.

Mzee akanyanyua fimbo, akauliza ndama yule anaitwa nani. Kwao kila ng'ombe ana jina. Hilo nilikuwa sijui! Nikamtazama aliyekuwa karibu, nikasema: Liberati.

Pasta aliinamisha kichwa kama anayeomba.

Mzee akaniita kando. Hakupaza sauti, na hicho ndicho kilichonitisha. "Bon. Jumamosi utakuya Columbus, kwa mutoto wa dada yangu. Iko na ngombe. Utakamua moya mbele yangu. Ukishindwa, usimupigie Umwali simu tena."

Jumatano, 14 Mei

Kazini nimepakia masanduku kwenye lori lisilohusika. Nampenda Umwali mwaka wa pili sasa. Nikimkosa kwa sababu ya chuchu za ng'ombe, sijui nitaishije.

Nimetazama filamu ya nne mara tisa ili nijifunze. Hakuna anayekamua. Ila mambo ya kamba yameeleweka vizuri sana. Nimenunua kamba. Na kofia.

Jumamosi, 17 Mei

Columbus. Ng'ombe ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na anapumua. Mzee alipoiona kamba, aliichukua mikononi mwangu. Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono. Ng'ombe akageuza shingo kunitazama, basi, kunitazama tu. Nikajikuta juu ya uzio, nikimwita mama yangu. Kofia ilibaki chini na ng'ombe akaanza kuitafuna.

Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nami, nikiwa bado juu, nikakiri yote: sisi ni wauza vitambaa, ng'ombe namwogopa, binti yake nampenda.

Akafuta machozi. "Leo njo umesema kweli. Donc, utamupigia simu. Lakini uongo moya tena, basi, imekwisha."

Nililia bila kificho. Tukatembea pamoja kuelekea kwenye gari lake, amenishika bega kama mwanawe. Hapo akaniuliza, kwa wema tu, kama nimewahi kupanda farasi.

Tangu utotoni, nikasema.

Amefurahi sana. Jirani yake Buffalo anao wawili. Mzee ananingoja huko mwezi ujao.

Farasi sijawahi hata kumgusa. Lakini filamu ya nane ni farasi mwanzo hadi mwisho, na maktaba itafunguliwa Jumatatu asubuhi.