Kilima Kilichouzwa kwa Fanta

Buyenzi, Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024

Kwa Mheshimiwa Mzee Fortunat,
Rais wa Chama cha Magari ya Kupanda Kilima, Bujumbura

Mheshimiwa Rais,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Olga na lile gari lako jipya. Mimi ni Mwanasiti binti Massoudi, muuza piesi, yaani vipuri vya magari, hapa Buyenzi. Nusu ya madereva wako wanasimama kwa breki nilizowauzia mimi, kwa hiyo naomba unisome kwa utulivu.

Nakuandikia juu ya kile kilima cha juu ya Kinanira ambacho magari yako yanashindana kukipanda. Kilima kile ni cha marehemu baba yangu. Jumapili hii, kabla ya mbio, mnataka kusimika kibao chenye jina la Ildephonse, anayejiita mwenye kilima. Mzee, kibao kikishasimikwa mbele ya watu, na watu wakapiga makofi, kukingʼoa ni kazi ya vizazi viwili. Ndiyo maana nalalamika mapema, tena kwa namba, usije ukapotea njiani.

1. Historia imegeuzwa. Afishi zenu mlizobandika ukutani zinasema wa kwanza kufikisha gari kileleni ni babu yake Ildephonse, eti kwa jeep. Si kweli. Ni Massoudi, mwaka 1979, na Peugeot 404 ya mizigo, na Buyenzi nzima inajua. Alipanda kinyumenyume, kwa sababu fundi yeyote atakwambia gea ya nyuma ndiyo yenye nguvu. Sasa Ildephonse anazunguka mji akisema gari lililopanda huku pua inatazama ziwa kule chini halikupanda, lilikuwa linashuka kuelekea juu. Nimeishi na mafundi maisha yangu yote, nimesikia uongo wa kila aina, lakini huu umenishinda. Kwa hesabu hiyo, mgeni akiingia kwangu kinyumenyume ametoka, wala sina haja ya kumpikia.

2. Fanta yetu imetukanwa. Mwaka huohuo baba alikinunua kilima kwa baba yake Ildephonse. Karatasi ninayo, ina vidole gumba vya mashahidi sita. Unajua desturi ya huku kwetu: ardhi haijauzwa mpaka imenywewa. Muuzaji na mnunuzi wanakaa, urwarwa, ile pombe ya ndizi, inaletwa, mashahidi wanakunywa, na aliyekunywa ndiye atakayesema kesho na keshokutwa. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa sala tano. Pombe hakuweza kuigusa wala kuinunua. Akaleta kreti ya Fanta. Mashahidi wakatazamana, wakanywa, na wengine wakaomba ya pili.

Leo Ildephonse anasema Fanta haifungi mauzo, kwamba wale hawakuwa mashahidi, walikuwa watu wenye kiu. Neno hilo limeniuma, Mzee, nakuambia kweli. Hivi shahidi bora ni yupi? Ni aliyemaliza vibuyu vitatu akaona mipaka miwili miwili, au ni aliyekunywa soda akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe? Mnywa Fanta hasahau. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, viwanja vyote vya milima hii vilivyouzwa kwa urwarwa virudishwe vikachunguzwe upya, pamoja na kile ulichojengea nyumba yako, na mauzo yaliyoshuhudiwa kwa soda yathibitishwe mara moja. Nimeulizia kila mahali. Ya namna hiyo yametokea mara moja tu, na ni ya kwetu. Hilo si kosa langu.

3. Kilima chenyewe kimeshaamua. Kila mbio zikiisha magari yanateremshwa Buyenzi kutengenezwa, na kwenye magurudumu kumejaa udongo mwekundu wa kule juu. Nimewakataza mafundi wasiumwage. Hadi leo nina magunia kumi na moja nyuma ya duka. Kilima kinamrudia mwenyewe kidogo kidogo, bila wakili, na haba na haba hujaza kibaba. Mkiendelea kwa kasi hii, wajukuu wa Ildephonse watarithi shimo, na kilima kitakuwa hapa avenyu yetu, ambako hata pa kuegesha baiskeli hakuna. Heri tumalizane sasa.

4. Basi naomba haya. Kibao kiandikwe "Kwa Massoudi". Jumapili magari yote yapande kinyumenyume, kwa kuiheshimu historia. Na kabla bendera haijashushwa, watazamaji wote wapewe Fanta, Ildephonse akiwa wa kwanza. Tutapata mashahidi elfu mbili wasiolewa, na maneno yatakuwa yamekwisha.

Usidhani nataka shamba, Mzee. Kulima sijui. Baba alikufa mwaka juzi bila kuacha jina lake popote. Hata duka lina jina langu. Nataka tu watu wanaopita na magari yao walisome jina lake, hata kama hawamjui.

Wasalimie madereva wote, na Mama Olga, na mlinzi wa getini, na yule mbwa wenu aliyenikimbiza mwezi wa tano. Ildephonse pia msalimie, yeye na mama yake. Na yeye sina ugomvi, nina ugomvi na kibao.

Ni mimi, niliyekaa dukani kusubiri jibu lako, na sitachoka kusubiri,

Mwanasiti binti Massoudi

Nyongeza, Ijumaa asubuhi. Jana nilimpelekea bibi Léocadie barua hii aitie kidole. Ana miaka themanini na saba, anakaa pale chini ya kilima, na katika wale mashahidi sita ndiye pekee aliyebaki. Nilimsomea yote. Penye magunia alicheka, kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, ile Fanta tulikunywa mara mbili," akaniambia. "Ya kwanza, baba yako ananunua. Ya pili, miaka ine ikishapita, anamurudishia baba ya Ildephonse kilima kwa pesa. We ulikuwa mu hospitali na ile homa ya uti wa mugongo, na dawa ilikuwa ya bei kali. Akatuapisha sote: mutu asimuambie huyu mutoto, ataishi anafikiri ana deni."

Nililia palepale mbele yake, na sikuona haya.

Nimeligeuza jambo hili kila upande, Mzee. Fanta isipofunga mauzo, kilima ni cha Ildephonse. Fanta ikifunga, kilima ni cha Ildephonse. Na kwamba mnywa Fanta hasahau, nimeshaliandika hapo juu kwa mkono wangu mwenyewe. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nakala nne zimeshapigwa kashe, muhuri wa duka, lakini ukifika kwenye lalamiko la pili, fumba jicho upite.

Kibao andikeni jina la Ildephonse. Ombi langu limebaki moja. Mimi sijawahi kufika kileleni. Nilipokuwa mdogo, kila nikimwomba baba anipeleke, alisema gari halina breki. Mwambie Ildephonse Jumapili anitafutie kiti huko juu kwake. Nataka nikae nikitazame vizuri kile ambacho Massoudi alikitoa ili mimi nibaki.