Mwezi wa Saba wa Topkapi

Mwaka ule serikali ilipowagawia wananchi maduka ya wageni, watu wa Kikula, mtaa mmoja wa mji wa Likasi, walikwenda kumuaga Mgiriki wa duka la kona kwa heshima zote, kila mmoja na gunia lake tupu mkononi. Wenye nguvu waliondoka na sukari. Wenye haraka waliondoka na mizani. Symphorien, ambaye hakujaliwa nguvu wala haraka ila ulimi tu, aliondoka na kalenda ya ukutani.

Haikuwa hata kalenda ya mwaka huo. Ilikuwa na picha za Topkapi, jumba la zamani la masultani wa Uturuki huko Istanbul, mji alikozaliwa mama wa yule Mgiriki. Kila mwezi ulikuwa na picha yake: kuba, bustani, vigae vya bluu, kisu chenye zumaridi tatu, almasi ya kumziba mtu jicho. Ukurasa mmoja tu ulikuwa umechanwa ukaondolewa, wa mwezi wa saba. Symphorien aliifunua kalenda ile akiwa njiani, mara mbili nusura agongwe na baiskeli, na alipofika mlangoni kwake alikuwa ameshajua atauza nini.

Angeuza safari. Si safari za kwenda, kwa maana hizo zinataka pasipoti, ndege na uaminifu. Angeuza safari zilizokwisha kufanyika.

Hapa inafaa kusema kwamba kwenye kitambulisho chake kipya hakuitwa tena Symphorien. Majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku. Lakini amri hiyo ilisomwa redioni, na redio nyingi za Kikula hazikuwa na betri.

Bidhaa aliipanga vizuri. Mteja alipewa picha yake amesimama mbele ya jumba, hadithi tatu za kusimulia, kipande cha sabuni chenye harufu ya hoteli, na somo la kuchoka, kwa sababu mtu hawezi kurudi kutoka mbali akiwa na uso wa mtu aliyelala. Tena alipewa chumba kwa Berthe, mama mmoja wa Kamatanda, nje kidogo ya mji, asiyeuliza maswali, ajifiche humo majuma matatu. Kurudi bila kuondoka kungeonekana utovu wa adabu.

Pazia la kupigia picha lilichorwa na Urbain, juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Urbain alinakili kutoka kwenye kalenda kila kitu, mpaka rangi ya bahari. Alipofika kwenye mnara wa msikiti, akautilia moshi, kama bomba la kiwanda.

"Urbain, hii moshi ni ya nini?" Symphorien aliuliza.

"Cheminée bila moshi, bantu watasema kazi ilisimama."

"Haiko cheminée. Ni munara ya musikiti."

Urbain alirudi nyuma hatua mbili akautazama. Baba yake alifanya kazi ya tanuru kiwandani miaka ishirini na tano, na yeye mwenyewe hajaona kitu kirefu kisichotoa moshi tangu azaliwe. "Rangi nyeupe ilisha," alisema.

Basi moshi ukabaki, na Symphorien akautungia maelezo: ni jiko la sultani, linalopika chakula cha watu elfu nne kila siku. Wateja waliupenda moshi ule kuliko almasi.

Mteja wa kwanza alikuwa Casimir, mkuu wa stoo kiwandani. Shemeji yake alikuwa ametumwa na kampuni Ubelgiji, na tangu siku hiyo mkewe Gertrude alikuwa akimpakulia chakula bila kusema neno. Casimir alivumilia miezi miwili, kisha akamwambia kwamba yeye naye kampuni inamtuma Istanbul. Kampuni haikuwa na habari. Alichukua konji, likizo yake ya mwaka, akaenda kulala Kamatanda, na siku ya ishirini na mbili alishuka stesheni akiwa amechoka vizuri sana. Gertrude alichinja mbuzi na kuita mtaa mzima.

"Nilisimama mbele ya mulango kubwa," Casimir alisimulia, ameshika picha yake. "Mandiko yote ya zahabu."

"Na nyuma ya mulango?" Gertrude aliuliza.

"Nyuma ya mulango, foto ni défendu, ilikatazwa," alisema Casimir, kama alivyofundishwa.

Hilo lilikuwa jibu la Symphorien la kuzibia shimo. Mwezi wa sita ulionyesha mlango umefungwa, na wa nane ulionyesha tayari hazina ya dhahabu. Kilichokuwa katikati alikuwa nacho aliyechana mwezi wa saba.

Mpaka kiangazi kufika, Likasi ilikuwa na watu kumi na mmoja waliotembelea Topkapi. Waliunda chama cha wasafiri, Casimir akiwa mwenyekiti, wakawa na muhuri. Walipokutana sokoni waliulizana habari za Istanbul, na hakuna aliyemkosoa mwenzake. Symphorien alilipwa kwa vilivyokuwepo: magunia ya unga wa posho, cherehani, mwishowe pikipiki, Vespa ya kijani. Alibandika kibao, Studio Topkapi, akanenepa kidogo.

Lakini jambo moja lilimkera. Jioni, akiwa peke yake, aliishusha kalenda na kufunua mwezi wa sita, kisha wa nane, kisha akarudi wa sita. Kwanza alijiambia ni kwa ajili ya kazi, muuzaji lazima aijue mali yake. Baadaye aliacha kujidanganya, kwa kuwa hakukuwa na mteja chumbani. Alitamani kuuvuka mlango ule. Alikuwa amelipenda jumba lile mapenzi ya kweli, yeye aliyewafikisha watu kumi na mmoja, na kilichokuwa nyuma ya mlango hakukijua.

Ndipo akaja Mama Zaina.

Mama Zaina alikuwa mjane wa Amisi, mfanyabiashara wa mazulia na vitenge. Kikula nzima ilijua kwamba marehemu alimpeleka mpaka Istanbul walipokuwa wachanga katika ndoa. Yeye mwenyewe hakujisifu kamwe. Akiulizwa, alilainisha tu zulia alilokalia kwa kiganja. Kwa sababu hiyo Symphorien alikuwa akivuka barabara kila alipomwona. Mtu aliyefika kweli ni hatari kwa biashara ya safari.

Aliingia studio mchana, akasimama mbele ya pazia kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kule hakuna moshi," alisema.

Symphorien alifikiria Buluo, na kuta za gereza lililoko huko. "Mama Zaina, ikaa kwanza. Tuzungumuze."

"Niko nazungumuza." Aliketi. "Cheminée ziko, mingi, mustari moja juu ya ukuta. Jiko zilizimwaka zamani. Moshi, hata kidogo."

Hakupaza sauti, wala hakutaja polisi. Symphorien alipoona hivyo, hofu ikamtoka na kitu kingine kikaingia mahali pake. Aliishusha kalenda, akamwonyesha mwezi wa sita.

"Hii mulango, mama. Ulipitaka?"

"Nilipitaka."

"Nyuma yake kuna nini?"

Mama Zaina alifumba macho. "Kuna kiwanja. Kuna ngazi ya mawe meupe, na paka moja analala pale. Gardien ni mwanamuke, amekaa pa kiti, kofia mu macho. Naye analala."

"Na kisha?"

"Kisha ni kintu ya kuona, papa. Haiko ya kusema."

Sasa, Symphorien alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alijua mtego unavyonukia, kwa kuwa ameutega mara kumi na moja. Lakini paka yule alimshinda. Tapeli gani atatunga paka amelala? Yeye mwenyewe angeweka simba wawili, na minyororo ya dhahabu. Mlinzi anayesinzia jumbani kwa sultani ni jambo ambalo haliwezi kutoka kichwani mwa mtu. Lazima liwe limeonwa.

Mama Zaina alikuwa ameinuka tayari aende. Mlangoni alikumbuka kitu. Shemeji yake Assumani wa Lubumbashi, alisema, bado anafuata mazulia Istanbul kila mwaka, na safari hii anatafuta mtu wa kumbebea sampuli. Kisha akasema, hapana, Symphorien ana kazi nyingi, amsamehe.

"Kazi gani?" alisema Symphorien.

"Hii studio. Utaachia nani?"

"Nitakuachia weye."

"Minye niko muzee. Vintu ya foto sijue."

Ikabidi ambembeleze. Alimbembeleza siku tatu, alimpelekea samaki wa chumvi, alimwapia kwamba kamera ni rahisi kuliko sufuria. Siku ya nne Mama Zaina alikubali, kwa shingo upande. Waliandikiana mbele ya Casimir: Symphorien anatoa studio, pazia, kamera, kalenda na Vespa, Mama Zaina anatoa safari ya Topkapi, kwenda na kurudi. Casimir alipiga muhuri wa chama. Mama Zaina alitoa pia barua iliyofungwa, apewe Assumani mkononi.

Wasafiri wote kumi na mmoja walimsindikiza stesheni. Casimir alimvuta kando.

"Papa, kwa Berthe iko baridi sana mwezi hii. Beba blanketi."

"Casimir, minye naenda kweli."

Casimir alimshika bega kwa upole. "Siye wote tulienda kweli."

Lubumbashi, Symphorien alitafuta siku nne. Wauza mazulia walikuwa wawili, na hakuna aliyeitwa Assumani. Assumani aliwapata watatu: mmoja muoka mikate, mmoja dereva, mmoja alikuwa amezikwa Jumatatu. Siku ya nne jioni aliketi juu ya sanduku lake akafungua barua. Ilikuwa fupi.

"Papa Symphorien. Usirudi mbele ya majuma tatu kuisha. Bantu watajiuliza."

Aliisoma tena kutoka mwanzo. Kama fundi, hakuona kosa. Kama mtu, alilia, na mpita njia mmoja akamuuliza kama amefiwa.

Kwa hiyo alishuka Kamatanda kwa siri, akagonga kwa Berthe. Berthe alimtazama yeye, akalitazama sanduku, akamfungulia chumba. Ukutani, kando ya kitanda, wateja wake kumi na mmoja walikuwa wamechora siku zao kwa makaa, vijistari ishirini na kimoja kila mmoja. Kweli chumba kilikuwa na baridi, na Symphorien, aliyekikodisha muda wote huo, hakuwahi kukiingia. Aliokota kipande cha kaa akaanza mstari wake.

Siku aliyorudi, chama kilimpokea kwa ngoma na kumpeleka moja kwa moja studio. Kibao kilikuwa kimeongezwa maneno: Studio Topkapi, kwa Mama Zaina. Ndani, Urbain alikuwa juu ya kiti, anaufuta moshi kwa rangi nyeupe mpya. Alikuwa amefika nusu. Watu walijaa mpaka dirishani. Mama Zaina alikaa mbele kabisa, juu ya zulia lake, karatasi yenye muhuri imekunjwa mapajani.

Gertrude ndiye aliyeuliza. Alikuwa amelingoja jibu hilo tangu siku ya mbuzi. "Papa Symphorien, weye njo fundi. Utuambie. Nyuma ya mulango kuna nini?"

Symphorien alifungua kinywa kusema ukweli. Alikuwa na hasira ya majuma matatu, na ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. Ndipo macho yake yakaangukia ukutani.

Kalenda yake ilikuwa imetundikwa pale, na imefunguliwa mwezi wa saba. Ukurasa ulikuwa umebandikwa mahali pake kwa gundi. Ulikuwa na mikunjo ya kikaratasi cha kufungia viungo, na doa kubwa la bizari ya manjano pembeni. Mgiriki alikuwa na tabia ya kumfungia mteja bizari kwa karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Katikati ya mikunjo kulikuwa na kiwanja, ngazi ya mawe meupe, paka amelala, mwanamke kitini na kofia machoni, na juu ya ukuta mstari wa mabomba ya moshi yasiyotoa moshi. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine. Picha iliishia hapo.

Alimtazama Mama Zaina. Mama Zaina alilainisha zulia kwa kiganja.

Casimir alikuwa ameacha kupumua, na nyuma yake wale kumi, kila mmoja na mke wake ubavuni. Symphorien alielewa kwamba akisema hakwenda, hakuna aliyekwenda. Akisema alikwenda, Mama Zaina ametimiza ahadi mbele ya mashahidi wote wa Kikula, na studio si yake tena mpaka kiyama. Alitafuta njia ya tatu. Maisha yake yote ilikuwepo siku zote njia ya tatu.

"Kuna paka," alisema mwishowe. "Analala pa ngazi."

"Njo vile," alisema Mama Zaina. "Muntu anaonekana kama alifika."

Watu walipiga makofi, Casimir akapumua, na Gertrude alitikisa kichwa akarudia polepole, paka, analala, kama mtu aliyelipwa haki yake. Mama Zaina aliikunja karatasi yake mara moja zaidi, akaitia kifuani. Kisha aliinuka, akamshika Symphorien mkono kwa huruma na kumsimamisha mbele ya pazia, kwa kuwa kila msafiri lazima apate picha yake.

"Mama," Symphorien alinong'ona, "weye Istanbul ulifikaka?"

"Nilifika mpaka duka ya Mugiriki." Aliingiza kichwa nyuma ya kamera. "Simama muzuri, papa. Usicheke. Muntu mwenye kutoka mbali anachoka."

Symphorien alisimama chini ya mnara wenye nusu moshi. Somo hilo alikuwa amelifundisha mara kumi na moja, na siku hiyo hakuhitaji kulikumbuka.