Mstari wa Mwanamkasi

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Cheo kimefika! Bwana Kibwana, mkuu wa ofisi yetu ya takwimu za samaki hapa Bagamoyo, anatafuta mkaguzi wa kadi. Programu ya kukadiria samaki imetoka ng'ambo: kadi mia tatu zilizotobolewa matundu. Kila mwombaji apange bunda lake, atie kadi za kuiambia kompyuta sehemu ipi itangulie, kisha Jumatano mabunda yapelekwe Dar, kwenye kompyuta. Waombaji tuko wawili, mimi na Mwanamkasi wa ofisini humu. Nimemwambia mke wangu, Sihaba, cheo ni changu. Akauliza kama Mwanamkasi anayo habari.

Jumanne, 7 Agosti
Mwanamkasi anasoma kadi moja moja, midomo ikicheza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Amekuta kadi inayoita sehemu ambayo bado haijaingia. Mashine ingekwama! Mimi kadi hiyo niliipita. Naihusudu kazi yake mpaka inaniuma.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nikachomoa kadi yake moja, nikaichomeka mbele. Aliporudi hata hakuketi. Alilitupia bunda jicho, akairudisha kadi mahali pake. Mchawi!

Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha: amechora mstari wa mshazari ubavuni mwa bunda, juu ya kingo za kadi, kona hadi kona. Kadi ikihama, mstari unakatika. Akili iliyoje! Hakuuliza nani kaihamisha. Alisema tu, na wewe chora, kaka Dadi.

Jumatano, 8 Agosti
Nimechora! Bunda lilinianguka asubuhi, kadi zikatapakaa chumba kizima. Nikaokota mbiombio, nikachora. Mstari safi, haukatiki popote. Bwana Kibwana kausifu.

Alhamisi, 9 Agosti
Balaa. Bunda la Mwanamkasi limetoa kurasa kumi na mbili za hesabu. Langu mashine imelikataa kwenye kadi ya nne. Mkuu akataka kunirudisha ufukweni nikapime dagaa. Mwanamkasi, mkaguzi mpya, akaniombea nibaki msaidizi wake. Kisha akaniuliza nilichora lini. Nilipomweleza alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga, akakaa kuzipanga kadi zangu zote upya. Mungu ambariki, mtu kama huyu sijaona.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimewaza hadi nikapata kosa. Mstari wake unaanzia kulia. Mimi nilianzia kushoto!

Leo amenikabidhi bunda jipya. Limenidondoka ngazini, lote. Si kitu. Nimeshaokota, na safari hii nimechora kutoka kulia.