Hataza ya Kishikio Kisichounguza

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Ofisi ya hataza inakagua upya hataza ilizokwisha kuzitoa. Eti nyingi ni dhaifu, vitu vya zamani vilivyopewa cheti cha uvumbuzi. Yangu imo: Kishikio Kisichounguza, kigurudumu cha mbao cha kuzungushia uzi, kilichofungwa juu ya mfuniko wa sufuria. Ikithibitika kilikuwepo kabla yangu, wananifutia. Mtaa mzima unaniita Mvumbuzi. Wataniita nani?

Zamani ndiyo ilikuwa ofisi! Mzee mmoja, mhuri mmoja, mzaha mmoja, unatoka na hataza yako. Siku hizi utafiti, utafiti.

Aliyenichongea namjua. Fundi Bati. Nilimkataza kutengeneza mifuniko yenye kishikio changu, akanuna.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kauliza kama kishikio si cha mkwewe. Nimemwambia anyamaze. Kweli, ni cha marehemu mama. Alikuwa mshonaji, uzi ukiisha, kigurudumu kinapanda juu ya mfuniko. Namwona akifunua sufuria kwa vidole viwili, mvuke usoni, anaimba. Nikalia kidogo. Kisha nikaenda kwa Dada kuuchukua ule mfuniko niufiche.

Dada kasema aliuuza pamoja na vyuma chakavu, zamani sana. Nikashukuru. Nikamkasirikia pia. Aliwezaje?

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umeiva. Kesho mbele ya mkaguzi wa ofisi ya hataza nitasema kishikio nilikiota. Nani atanibishia ndoto yangu? Nimejizoeza mbele ya kioo. Mke wangu kanionya nisimtaje mama hata kwa bahati mbaya. Kwani mimi mtoto?

Ijumaa, 7 Machi
Meza ndefu. Mkaguzi ni binti mpole mwenye miwani. Ndoto nimeisimulia vizuri mno, nusura niiamini. Fundi Bati akatoa mfuniko mkuukuu kikapuni, akadai aliununua na vyuma chakavu. Mkaguzi akasema hauna tarehe, hauthibitishi kitu. Ushindi!

Lakini nikautazama. Ukingo umebonyea upande mmoja. Nikaushika. Nikaunusa. Nikajikuta napiga kelele kwamba huu ni wa kwetu, wa mama, na hizi alama kwenye mbao ni za meno yangu! Mkaguzi akauliza taratibu nilikuwa na umri gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba meno yenyewe yalikuwa mawili tu.

Akaandika. Fundi Bati akanipa leso.

Jumatatu, 10 Machi
Imefutwa. Mkaguzi kanieleza kwamba hataza dhaifu inawafungia mafundi njia, na sasa hakuna mhuri kabla ya kutafuta kama kitu kilishakuwepo. Mfuniko kaniachia, Fundi Bati hakuudai. Ameshapanga mifuniko yake yenye kishikio hicho nje ya karakana. Nilipopita akaniita Mvumbuzi, bila kucheka. Hapo ndipo iliponiuma. Cheti kimetoka ukutani, nimetundika mfuniko. Nimemkumbuka mama mchana kutwa.

Jumatano, 12 Machi
Wazo! Vipande vya mpira chini ya miguu ya cherehani, kelele zisiamshe watoto. Sijaviona popote duniani ila kwa mama. Ombi nimeshalipeleka. Safari hii sibahatishi, nakwenda na shahidi. Dada amekubali kuja kueleza kwa kinywa chake: anaikumbuka vizuri siku mama alipoviweka, mimi nikiwa bado tumboni.