Miaka Hamsini na Minane Bila Tornado

Jumatatu, 26 Mei 2008

Siku ya makaburi. Nimempelekea marehemu mke wangu Austra maua sita. Kwetu Latvia maiti hupewa idadi shufwa. Nimemwambia mambo mawili: kwamba binti yetu Ilze anakuja Jumapili na lori kunihamishia kwake Oregoni, na kwamba bado sijaona tornado, ule upepo mkali unaoteremka kutoka winguni ukizunguka.

Miaka hamsini na minane Nebraska! Kila ilipopita nilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba kwa sababu nyingine kabisa. Kukagua matango ya siki. Kutafuta koleo.

Jirani yangu Verlin Hoagland, msimamizi mstaafu wa ghala la nafaka, ameona saba. Ndiye anayetawala meza ya dirishani kwenye mkahawa wa Opal. Hakuna sheria iliyobandikwa, lakini asiye na tornado ya kusimulia huketi kando ya jokofu. Jokofu nalijua vizuri. Leo makaburini, kofia mkononi, Verlin ameniuliza kama huko Oregoni nitakuwa nawasimulia ukungu.

Kwetu niliondolewa nikiwa na miaka sita, kabla sijapatazama sawasawa. Hapa sitaondoka hivyo. Nina siku sita.

Jumanne, 27 Mei

Mpango wa kwanza: kwenda peke yangu. Ramani, darubini, redio, mkate mweusi, chupa ya chai.

Saa tisa alasiri wingu likapanda magharibi, jeupe juu, jeusi chini. Nikalifuata maili sitini. Chini yake kipande kikaanza kuteremka, kinazunguka polepole. Moyo wangu! Nikafika kwenye kivuko cha reli. Kizuizi kikashuka.

Treni ya makaa ya mawe. Mabehewa mia moja thelathini na moja. Nimeyahesabu, sikuwa na kazi nyingine. Lilipopita la mwisho, kile kipande kilikuwa kimetoweka. Ng'ambo ya reli, ameegemea pikapu yake, alikuwepo Verlin.

Ya nane, akasema. Nyembamba, nyeupe, dakika nne. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hajapata kuona nzuri kama ile.

Alhamisi, 29 Mei

Mpango wa pili: adui ndani ya gari. Nimemhonga Verlin kwa vimkate vya nyama ya nguruwe, mapishi ya Austra. Amekubali kwa sharti kwamba redio aishike yeye.

Mtu huyu anajua, sina budi kukiri. Alitoa mkono dirishani, akasema tugeuke kusini, na redio ikasema hivyohivyo dakika kumi baadaye. Tukaingia mji mdogo. Nikasimamisha gari mbele ya kanisa. Magharibi ukuta mzima wa wingu ulikuwa unazunguka. Kikalia king'ora cha tahadhari.

Hapa pana pengo katika kumbukumbu yangu.

Kisha nilikuwa chini ya kanisa, kati ya viti vya kukunja na masufuria ya kahawa, mikono kichwani. Peke yangu. Wenyeji wote walikuwa nje barazani, wamekunja mikono, wanatazama angani, kama wafanyavyo watu wa huku king'ora kikilia. Verlin nilimwacha garini, mlango wangu wazi, injini inanguruma. Tornado ilipita mashambani, haikumdhuru mtu. Kwake ni ya tisa. Mvua ya mawe imevunja vioo vyote isipokuwa kimoja.

Njiani hakucheka. Heri angecheka. Tulipofika kwangu ndipo akasema.

"Vis, mimi ni jirani yako miaka thelathini. Matango gani hayo yanayokaguliwa king'ora kikilia?"

Nikamjibu: ya bizari.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

Vimkate vilikuwa vimebaki viwili. Akala kimoja, kingine akanipa.

Jumapili, 1 Juni

Ilze kaja. Nimemwonyesha gari. Nimemweleza kwamba haliuziki hivyo, na fundi ana foleni hadi Agosti. (Fundi ana nafasi keshokutwa.) Ilze hufundisha hesabu. Ameniangalia kama aangaliavyo jibu lililonakiliwa.

Akauliza natafuta nini hasa. Nikamwambia kuhusu ngazi. Ving'ora vya vita, kiangazi cha 1944, mama kanishika mkono, tunashuka, ananiambia nisitazame nyuma. Sikutazama. Mji wetu uliungua juu ya vichwa vyetu. Wenzangu wa rika hukumbuka moto. Mimi nakumbuka ngazi, kumi na nne, ya tisa ilikuwa na ufa.

Ilze ameosha vyombo muda mrefu, hata vilivyokuwa safi. Kisha akasema nina hadi Septemba. Lori limeondoka na kabati la mama yake tu.

Jumatatu, 2 Juni

Mkahawani. Verlin kavuta kiti cha meza ya dirishani, kakipiga kofi, kaniambia nikae. Nikamkumbusha kwamba sijaona kitu.

"Kaa, mzee," Opal akasema, "kahawa inapoa."

"Vis, king'ora kikilia, wewe ndiye unayefanya kinachotakiwa," Verlin akasema. "Sisi ndio wajinga tunaosimama nje."

Meza nzima ikaitikia kwa vichwa. Wamepanga! Kiti cha huruma. Nikawashukuru kwa heshima zote, nikachukua kikombe changu, nikaenda kando ya jokofu.

Watanipisha nitakapostahili. Nina mpango wa tatu.

Jumatano, 4 Juni

Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, kaunti hujaribu king'ora chake. Nafasi nzuri ya mazoezi. Nimejifunga kiunoni kwenye nguzo ya baraza kwa kamba ya kuanikia nguo, mafundo matatu ya kibaharia kutoka kitabuni. Verlin nimemwita kuwa shahidi. Kaja na kahawa yake. Kasema anga halina hata wingu. Nikamwambia atazame tu.

Kikalia.

Nilipojitambua nilikuwa chini, kati ya matango. Kamba haikukatika. Mafundo hayakulegea. Nguzo nilikuwa nayo.

Juu, Verlin alikuwa amelishikilia paa la baraza kwa mabega yake. Akauliza, kwa adabu, kama nitapanda karibuni.

Kosa nimeligundua. Nguzo ilikuwa ya mti. Kesho naagiza ya chuma.