Ombi la Jeraha Dogo kwa Mume Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Gereza,

Shikamoo. Natumaini hujambo wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku kota ni wazima kabisa, na huo uzima ndio hasa ninaokuja kuulalamikia.

Mimi ni mke wa askari wako wa mlango wa jikoni, yule mrefu ambaye wafungwa humwita Mjomba. Nimepata nafasi chuo cha ukunga, kozi ya mwaka mmoja. Ada isipolipwa kufikia Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Nikasikia gereza lina Mfuko wa Elimu kwa familia za askari. Nilivyoruka kwa furaha, mtoto mgongoni akaamka. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha pili. Karani akaisoma, akanirudishia. "Shemeji, kipengele cha saba, aina ya jeraha, umeandika 'hakuna'. Mfuko huu ni wa waliofia kazini au kuumia vibaya. Huyu wako jana tu kanishinda mbio!"

Basi, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu ana miaka sita kazini na hajapata hata mchubuko. Waliosema ajali haina kinga hawajakutana naye.

2. Wafungwa wako hawanisaidii. Nasikia humo ndani mna watu hatari. Wako wapi? Mwezi jana aliteleza ngazini, wakamdaka wauaji wawili na jambazi mmoja, wakamfuta vumbi pia. Wengine wamemchongea mwanetu kitanda. Mheshimiwa, kwa upendo wa namna hii mimi nitasoma lini?

3. Mume wa jirani yangu alibanwa na geti, kidole kikaenda. Binti yao amesomeshwa uhasibu miaka mitatu. Simwonei wivu, kidole ni chao. Ila nimepiga hesabu: kidole kina pingili tatu, kozi yangu ni ya mwaka mmoja. Mimi pingili moja inanitosha. Sina tamaa.

4. Nilipomweleza mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa. "Mama watoto, nani atanipiga? Hata yule mkorofi wa selo ya nne ananiombea dua." Ndivyo mtu anavyokosa ushirikiano ndani ya nyumba yake!

Kwa hiyo naomba umhamishie kwa wakorofi, siku mbili tu, kabla ya Ijumaa. Ikiwa ni usumbufu, basi aandikwe amefariki kwa mwaka mmoja. Nitakuwa mjane Jumatatu hadi Ijumaa, kitambaa cheusi ninacho. Jumamosi na Jumapili aachwe hai, maana ndiye anayefua nepi. Nikihitimu, mumfufue kwa barua ya kawaida, yenye muhuri.

Nisalimie karani, askari wa getini na wafungwa wote, hasa wale watatu wa ngazini. Waambie nimewasamehe.

Ni mimi mwenye matumaini,
Mke wa Mjomba wa Jikoni

N.B. Kabla sijafunga bahasha, karani amekuja mbio. Sufuria limepinduka jikoni, maji ya moto yamemuunguza mume wangu mkono. Na fomu mpya kanishikisha: "Shemeji, kipengele cha saba hicho!" Nimefika zahanati na ndala moja. Nimemkuta kakaa kitandani, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, naye anambembeleza mfungwa aliyepindua sufuria asilie. Fomu yako imenifaa, Mheshimiwa. Nimempepea nayo mpaka akapata usingizi, na sasa imekunjikakunjika, haijazwi tena. Niliyoandika hapo juu yote yafute. Usimhamishe. Ukucha wake hata mmoja sitoi. Na huyo mfungwa msimwadhibu, ameshalia vya kutosha.

Ila siku mkifungua mfuko wa familia za askari wazima, foleni ianzie kwangu.